Macho Kumi na Saba

Jumatano, 2 Aprili

Daftari hili nimepewa na Israa niandike habari za rangi: ipi imepakwa wapi, imechanganywa na nini, na hali ya hewa ilikuwaje, ili ikibanduka tujue sababu. Nimemwambia nina miaka thelathini na moja ya kupaka rangi hapa Likoni na sijawahi kuandika mvua ilinyesha lini. Akacheka, akanipa na kalamu. Haya basi. Leo jua, upepo kidogo wa baharini, andakoti nyeupe, rangi ya chini, ukuta mzima, mara mbili.

Kwa kuwa nafasi imebaki, nijitambulishe kwa daftari. Mimi ni Munga, na watu huniita Munga Jicho. Si kwa uchawi wala umbeya. Mbuzi niliyemchora kwenye bucha ya pale sokoni anakutazama ukija, anakutazama ukipita, na ukigeuka nyuma bado anakutazama. Kuna mama aliyegoma kununua nyama pale mpaka mbuzi afunikwe. Kabla ya macho nilikuwa mtu wa mistari ya mabasi, ule mstari unaoanzia kwenye taa ya mbele ukaishia nyuma bila brashi kuinuka, na hapa ng'ambo ya kivuko hakuna aliyeniweza. Siku hizi mabasi yanabandikwa stika na mabango yanachapishwa kwa mashine. Nimebakiwa na bucha, saluni na "Usikojoe Hapa".

Ndipo akaja huyu Israa. Ni binti wa Jomvu Kuu, watu wa ukoo wa zamani, miaka ishirini na sita, amesomea uchoraji. Vijana wanaosafisha ufuo wamempa kazi ya kuchora viumbe wa baharini kwenye ukuta mrefu ulio chini ya msikiti, ule unaotazama maji, ambao abiria wa feri wanauona tangu wakiwa katikati ya kivuko. Ni hatua sitini na mbili, nimezipima kwa miguu yangu. Anatafuta mtu mwenye mkono. Nilimwambia amefika.

Alhamisi, 3 Aprili

Mawingu. Hatukupaka kitu. Israa alikaa juu ya ndoo akitazama maji tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Nilidhani anaumwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo ameanza kuchora kwa chaki, na leo nimejua nimeingia wapi. Kasa wake ni vipande kumi na vitatu vya gamba vilivyoachanaachana, hakuna kichwa, hakuna miguu. Samaki taa wawili ni maumbo yaliyolala upande, kama nguo zilizong'oka kwenye kamba. Pweza ni miduara mitupu, inaanza mikubwa inaishia midogo. Halafu kuna dude la kijivu, refu, nene katikati, analosema ni nguva. Nikamwambia hilo ni gunia la viazi. Akasema sawa, Ami, wewe lipake tu.

Nikamuuliza kwa nini viumbe wake hawana macho.

"Siwachori walivyo, Ami," akasema. "Nachora wanavyopita."

Kimoyomoyo nikasema hilo ni jibu la mtu asiyeweza kuchora jicho. Jicho ni gumu. Wengi wamelikimbia.

Maji nayo hayamo. Anasema atayachora mwisho, bado hajajua atayachoraje. Bahari isiyo na maji, samaki wasio na macho. Nimewahi kupaka vyoo vyenye maana zaidi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Turubai limepasuka.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua asubuhi. Mchana tulipaka vipande vinne vya kasa, kijani kibichi na kahawia. Kimoja kimeshabanduka. Sababu: rangi ya maji juu ya ukuta ulioloa. Nilimwambia kabla, na nimeliandika hapa ili ijulikane kuwa nilimwambia.

Jumamosi, 12 Aprili

Mke wangu Pascalia hukaanga samaki mwisho wa ukuta huu, upande wa jeti ya feri. Yuko pale mwaka wa kumi na moja sasa, na maoni ya watu yote hupitia kwenye karai lake kabla ya kunifikia mimi. Leo ameniletea matatu. Abiria mmoja ameuliza kama ile ni ramani ya mitaa. Mwingine amedhani ni tangazo la vigae. Wa tatu amesema gunia limechorwa vizuri sana, ila mbona halina kamba.

Watu wakiniuliza mimi nasema nimeajiriwa tu. Ni mara ya kwanza maishani kuikana kazi niliyoishika kwa mikono yangu, na sikupenda ladha yake.

Mtu mmoja hasemi kitu. Mzee Ghanim, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, hupita kila siku baada ya alasiri, mwavuli mkononi, mwavuli asioufungua hata mvua ikinyesha. Ukuta ni wakfu wa msikiti, kwa hiyo ruhusa ya kuuchora aliitoa yeye. Anatoa salamu, anatazama ukuta tangu mwanzo hadi mwisho, anakwenda zake. Uso wake umefungwa kama duka saa ya sala ya Ijumaa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, hakuna kazi. Kanisani mvua ilipiga mabati mpaka mahubiri hayakusikika. Tuliimba tu.

Jumanne, 22 Aprili

Mgala muue na haki mpe. Leo Israa amechora kundi la samaki vibua, arobaini, kila mmoja kwa mpigo mmoja wa brashi. Anashusha mkono, anazungusha kifundo, anainua. Kibua. Anasogea hatua moja, kibua mwingine. Alipokwenda kuswali nilijaribu pembeni nyuma ya ngazi. Nilihitaji mipigo mitatu, na wangu alitoka kama ndizi. Nimemfuta.

Kwa hiyo mkono anao, na hilo ndilo linaloniudhi. Mwenye mkono kama ule anaachaje samaki bila jicho? Jioni nilimuuliza Pascalia, yeye akinunua samaki alfajiri anatazama nini kwanza. Akanitazama kama mtu aliyeuliza maji yana ladha gani. Anatazama jicho. Likiwa angavu na limejaa, samaki ni wa leo. Likiwa jeupe limedidimia, ni wa juzi, mwachie mwenyewe.

Nikalala nikiwaza hatua sitini na mbili za samaki wa juzi, na jina langu limo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nyanyake Israa amefariki Jomvu Kuu. Simu ilimkuta juu ya ngazi. Nilimteremsha kwa mkono, akakaa juu ya ndoo yake, akalia bila sauti. Ndiye aliyemlea. Nilimwambia nenda mwanangu, kazike, ukae na watu wako, ukuta uko mkononi mwangu. Alisema nimalizie tu kijivu cha nguva, mengine yamngoje. Nilimaliza kabla ya saa kumi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Leo jua lilitoka, la kwanza tangu wiki iliyopita. Nilifika ukutani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kazi niliyoachiwa imekwisha, ukuta umekauka, bahari imetulia. Nikafikiria yule mtoto aliyefiwa, nikafikiria atakavyorudi akute wale watu wa feri wameacha kumcheka. Huo ndio ukweli wa nia yangu, nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba mikono ilikuwa ikiniwasha.

Nikafungua sanduku langu mwenyewe. Rangi ya mafuta: nyeusi, nyeupe, njano kidogo. Nikaanza na kasa. Nilimwekea jicho pale ambapo kichwa kingekuwa, zito, lenye ukope, jicho la mtu mzima aliyeona mengi. Nguva nikampa jicho dogo la upole, na papo hapo gunia likawa mnyama. Taa wawili, jicho moja moja. Vibua nikawachagua kumi na watatu wa mbele. Pweza nilimwacha, maana ile miduara yake inatosha. Macho kumi na saba, kila moja na nukta yake nyeupe ya mwanga. Nasema bila haya kwamba ni kazi bora niliyowahi kufanya. Abiria wa feri ya saa nne walisimama ukingoni wakaelekeza vidole, na safari hii hawakucheka. Nilivimba kichwa.

Nikanawa mikono, nikaenda kwa Pascalia, nikapewa sahani. Adhana ikalia. Watu wa sala hupanda ngazi zinazopita mwanzo wa ukuta, lakini wakati wa kupanda wana haraka. Waliona wakati wa kushuka.

Wa kwanza alisimama, wa nyuma yake akasimama, ngazi ikajaa watu wenye kanzu. Mzee Ghanim akapasua katikati yao, akashuka mpaka chini, akatembea ukuta mzima mpaka karibu na karai.

"Mato haya," akasema, ndivyo watu wa Mvita wanavyoyaita macho, "ameyatia nani?"

Hapo ndipo nilipolisikia, kutoka kwa mtu aliyekuwa akimweleza mwenzake karibu na karai: kamati ilikubali ukuta uchorwe kwa ahadi moja tu, kwamba hapatakuwa na kiumbe mwenye uso. Israa aliitoa ahadi hiyo kwa mdomo wake mbele ya wazee. Ndiyo maana gunia halikuwa na jicho.

Nimeishi na Waislamu tangu kuzaliwa. Nimeandika "Vua Viatu" kwenye misikiti mitatu. Najua habari ya picha. Lakini nilijiambia samaki si mtu, na kila bucha ya Mwislamu ina mbuzi wangu. Bucha si msikiti, Munga. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza, kwa sababu niliona mtu wa kuulizwa ni mimi.

Mzee Ghanim akatoa amri: Jumatatu ukuta upigwe chokaa, wote, urudi ulivyokuwa.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, mdomoni nina kipande cha samaki, kwenye kucha nina rangi ya njano. Sikutafuna. Sikumeza. Sikusema kitu.

Jumamosi, 26 Aprili

Jua. Sikwenda.

Jumatatu, 28 Aprili

Ndoo sita za chokaa zimepangwa chini ya ukuta tangu asubuhi. Israa alifika saa tatu kutoka matangani, buibui lina vumbi la safari. Hakujua lolote. Aliuona ukuta kwa mbali, akapunguza mwendo, akaja taratibu mpaka kwa kasa. Akaangalia lile jicho. Kisha akanigeukia mimi, mara moja tu.

Mzee Ghanim alikuwa amesimama na wazee wawili. Alimpa kwanza mkono wa rambirambi, akamuombea marehemu, halafu akamuuliza. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Yeye akanitangulia.

"Kazi ni yangu, babu," akasema. "Basi na kosa ni langu."

Mzee akamwambia hakutarajia mjukuu wa watu wa Jomvu avunje ahadi. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Israa akainamisha kichwa. Mimi mwenye miaka hamsini na minne nikatazama viatu vyangu.

Kabla brashi ya kwanza haijaingia kwenye chokaa, mvua ikashuka, si ya kuchezea. Wazee wakasema basi, ingojewe ikatike. Israa akakusanya brashi zake akizifunga kwenye kitambaa, moja moja. Hakunigombeza. Alipopita kando yangu alisema tu, "Macho mazuri, Ami." Afadhali angenitukana.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua tangu usiku haijakatika. Chokaa imefunikwa.

Pascalia hakukaanga leo. Tulikaa ndani, nami nikaanza kujitetea: kwamba ni yeye aliyeniambia habari ya jicho, kwamba samaki hutambulika kwa jicho, kwamba mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Baba Mapenzi," akasema, maana huniita kwa jina la mwanetu, "jicho la samaki mimi nalitazama akishakufa. Aliye hai hasimami nikamtazama."

Nilikaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa. Nimezaliwa karibu na maji haya. Nimewaona vibua mara elfu, wakigeuka wote pamoja chini ya jeti, mng'aro halafu hawapo. Sijawahi kuona jicho la hata mmoja. Nimemwona kasa mara mbili, na mara zote mbili niliona mgongo unaozama. Yule binti alikaa juu ya ndoo asubuhi nzima akitazama kile nilichokuwa nikikiona bure miaka yote, nikadhani anaumwa.

Nimeuwekea ukuta wake macho ya sokoni. Nimeona haya kiasi ambacho sikujua bado ninacho.

Jumatano, 30 Aprili

Nilikwenda dukani kwa Mzee Ghanim, anauza vitambaa karibu na stendi. Alikuwa akimpimia mteja, ikabidi ningoje huku ujasiri ukinivuja. Nilipompa shikamoo aliitikia, akanionyesha kiti. Sikukaa. Nilimwambia macho niliyatia mimi, Israa akiwa matangani, bila kumuuliza. Nilimwambia na lile la samaki mdomoni, ingawa hakuniuliza.

Alikunja kitambaa chake mpaka mwisho kabla ya kusema.

"Na mtoto akanyamaza akakubebea."

"Ndiyo, mzee."

"Nawe ukawata akakubebea."

Kuwata kwao ni kuacha. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami nilichutama nikiwa nimesimama. Kisha akasema chokaa itangoja mpaka Ijumaa ya tarehe tisa. Ikifika siku hiyo asione jicho, wala alama ya jicho. Akiona hata moja, ukuta wote unafutwa.

Kutoka pale nilimpigia Israa. Nilimwambia kila kitu. Akaniuliza kama ile rangi niliyotumia ni ya maji au ya mafuta. Nilipomwambia, akasema neno ambalo sitaliandika kwenye daftari la binti wa watu.

Alhamisi, 1 Mei

Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Tumejaribu. Inateleza, na jicho linakutazama kwa chini yake kama mtu nyuma ya pazia. Hakuna njia ila kukwangua mpaka kwenye plasta. Macho mawili leo. Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Macho mawili. Mvua. Bandu bandu huisha gogo.

Jumamosi, 3 Mei

Macho manne. Jua la saa mbili. Israa anakwangua upande wake, mimi upande wangu, hatusemi sana. Mchana Pascalia alituletea sahani moja, tukala pamoja.

Jumapili, 4 Mei

Nimekosa kanisa. Macho matano. Mungu anaona, na yeye macho yake hayakwanguliwi.

Jumatatu, 5 Mei

Manne ya mwisho. La nguva nililiacha nyuma kabisa. Nilisimama mbele yake kidogo, maana sitachora jingine kama lile. Kisha nikaliondoa. Yamebaki mashimo kumi na saba, kila moja upana wa kisahani cha chai. Tumeyaziba kwa saruji na mchanga.

Jumanne, 6 Mei

Balaa. Ukuta umeloa, viraka havikauki, na saruji mbichi ni nyeusi. Sasa yako madoa kumi na saba meusi, ya duara, pale pale yalipokuwa macho. Pascalia anasema abiria wameuliza kwa nini samaki wamevimba macho. Rangi haishiki juu ya kiraka kibichi, tumejaribu viwili ikachuruzika. Zimebaki siku tatu na hakuna dalili ya jua.

Israa amekaa juu ya ndoo. Ana karatasi za kuchora maji, anachora, anachana. Akasema kwa mara ya kwanza kwamba labda waufute tu. Mimi nilikuwa natazama zile ndoo sita.

Chokaa. Chokaa haiogopi ubichi, inaupenda. Mafundi wa zamani waliipiga juu ya ukuta unaotoa maji ikashika miaka. Na si lazima kila kiraka kipakwe peke yake. Nilirudi nyuma mpaka ukingo wa maji, nikafumba jicho moja, nikaviona vile viraka: vinapanda kwa kasa, vinashuka kwa taa, vinapita tumboni mwa nguva, vinakimbia na vibua. Mstari mmoja. Nikamwita Israa nikamwonyesha kwa kidole hewani. Akachana karatasi zilizobaki.

"Ndiyo maji yale, Ami," akasema.

Jumatano, 7 Mei

Chokaa ni mali ya msikiti. Nilikwenda dukani kwa Mzee Ghanim kuomba ndoo mbili. Safari hii niliuliza. Akasema mpaka Ijumaa ni zetu, baada ya hapo ni zake. Nikapita kwa muuza sabuni nikachukua nili, ile bluu ya kufulia kanzu. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ilikatika saa tatu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kisiwa yakisubiri zamu. Israa alikoroga chokaa na nili mpaka ikawa nyepesi kama maziwa ya chai. Nilivua viatu. Nilimwambia abebe ndoo na brashi ya pili, ya kwanza ikipungukiwa anitie nyingine mkononi, na asinisemeshe.

Tatizo la chokaa ni hili: ikiwa mbichi huioni. Ukiipaka ni kama umepaka maji, inakuja kuwa nyeupe ikikauka. Kwa hiyo nilichora hatua sitini na mbili bila kuona ninachochora. Nilianza kwa kasa, bega likienda, kifundo kimelegea, miguu ikifuata. Kiraka cha kwanza, cha pili. Nilipanda, nikashuka. Sikuwahi kuchora basi refu kama lile. Brashi ilibadilishwa mara tisa na mkono haukusimama hata mara moja. Pascalia aliondoa karai njiani nikapita, nikamalizia pale kwenye ukingo wa ngazi za jeti, nikainua brashi.

Ukutani hapakuwa na kitu. Unyevu tu, na madoa kumi na saba. Watu waliokuwa wakitazama wakaondoka. Saa nane manyunyu yakaanza, tukashika turubai kwa mikono, mimi, Israa, Pascalia na wateja wake wawili, mpaka yakapita. Sijui. Nimefanya ninachokijua. Mkono wangu naujua.

Ijumaa, 9 Mei

Nilifika kumekucha. Israa alikuwepo tayari. Alinyoosha mkono kuelekea ukutani.

Mstari ulikuwa umetoka: mweupe, wenye ubuluu ndani yake, upana wa kiganja, unakwenda ukuta mzima bila kukatika. Viraka vimemezwa. Na wale wanyama ambao kwa mwezi mzima nilikuwa nikiwaona wamebandikwa pale, walikuwa wanakwenda. Vibua wanageuka. Taa wanainama. Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka kama mwehu, Israa naye akacheka, huku analia.

Baada ya sala ngazi ilijaa tena. Mzee Ghanim alishuka peke yake. Alitembea akiufuata mstari kwa ncha ya mwavuli bila kuugusa, akisimama penye kila kiraka. Alivijua vyote. Alipofika kwenye lile dude la kijivu alisimama muda mrefu, mpaka nikaanza kutafuta nilichosahau kukwangua.

"Huyu ni nguva," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Israa akasema ndiyo, babu.

"Nalimuona mara moja, Mtongwe, nali mtoto. Nikamwita babangu aje aone, hakuwahi. Hakunisadiki mpaka akafa." Aliendelea kumtazama. "Ndivyo alivyopita. Hivi hivi."

Akafungua mwavuli, ingawa mvua haikuwapo, akawageukia wazee waliokuwa wakisubiri ngazini.

"Uwateni," akasema. "Na hizo ndoo nne zilizobaki, wapeni wapake ukuta wa madrasa."

Jumatatu, 12 Mei

Israa alinipa brashi niandike majina. Niliandika lake kwanza, langu chini yake. Namba ya simu niliiandika pia. Unyenyekevu una mipaka yake.

Jumanne, 3 Juni

Mvua zimepungua. Ukuta haujabanduka popote, naandika hapa kama nilivyoagizwa. Asubuhi tulikuwa madrasa, Israa anataka matumbawe.

Mchana nilichukua kazi ya pembeni, bango la hoteli huko Mtongwe. Mwenye hoteli anataka samaki mzima kwenye sahani, na amesisitiza awe na jicho, lile langu lenyewe la Munga Jicho, linalomfuata mteja mpaka mezani. Nilikoroga nyeusi, nyeupe, njano kidogo. Nilimwekea bila kinyongo, likang'aa vizuri. Huyu ni wa kuliwa.